Mara ya Pili Nilipomwinua Mineko

Sogeeni karibu, wanangu. Nobue, zima hiyo televisheni, na wewe Chizuru acha kukunja mataulo, yatakunjwa na mtu mwingine. Kaa hapa kushoto kwangu, maana sikio la kulia lilikufa zamani, tangu usiku ule wa Niigata nilipopigwa kwa kiti ulingoni. Daktari amesema nimebakiza wiki mbili, lakini yule ananihurumia. Mwili huu nimeufanyisha kazi tangu nina miaka kumi na mitano, na ukiniambia umechoka huwa haunidanganyi. Kesho saa nane mchana mthibitishaji wa wosia atakuja na mihuri yake, aandike nani anapata nini. Hayo ya kuandikwa ni mepesi. Lipo moja lisiloandikika, nalo ni lazima Chizuru alisikie leo, kabla hajagonga muhuri wa jina lake kwenye karatasi, ili akikubali ninachompa ajue amekipokea mikononi mwa nani.

Nianze na mepesi. Nobue, mtoto wa marehemu kaka yangu, nyumba ya kule mtoni ni yako, pamoja na ule mti wa kaki unaomwaga matunda uani kwa jirani. Mwache mzee wa watu ayaokote. Nimegombana naye miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kaki zile, na sasa hata sikumbuki nani alianza. Mpelekee kikapu kimoja, umwambie Sadae ameshindwa. Atafurahi sana, hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Na karakana hii tuliyo juu yake, ambamo mama yangu alifuma hariri mpaka vidole vyake vikapinda, pamoja na ulingo ulioko huko chini na wasichana sita wanaojifunza mieleka humo, ni vya Chizuru. Nobue ameshakubali, hana kinyongo.

Chizuru, wewe si damu yangu. Wewe ni mtoto wa Mineko Kuwabara, aliyekufa Februari ya mwaka juzi, na mji huu wote wa Kiryu unaamini ninakupa karakana kwa sababu mama yako aliumia mikononi mwangu kwa bahati mbaya. Bahati mbaya. Neno hilo sikulibuni mimi, lakini nimeliacha liishi miaka arobaini, nikalilisha, nikalivika nguo.

Tuliingia kwenye kampuni ya mieleka siku moja, mimi na yeye, wasichana wawili wa kutoka hapa. Bwenini tulilala godoro moja kwa sababu magodoro hayakutosha. Pombe marufuku, sigara marufuku, wanaume marufuku, mama yako akasema, “Sasa nimeelewa kwa nini wanatupa wali mwingi hivi.” Tulifua nguo za dada zetu wakubwa wa ulingoni mpaka vidole vikapasuka. Yeye ndiye aliyeniita Sakko. Nyumbani nilikuwa Sadae, ulingoni nikaja kuwa Asama Mweusi, jina la mlima wa moto, lakini Sakko nilikuwa kwake tu, na shuka ikiwa imetufunika vichwa.

Tulipofika miaka kumi na minane Bwana Ubukata wa ofisini alitusimamisha ukutani, akatutazama kama mtu anayechagua samaki, akasema, “Kuwabara ana uso wa kulia, atakuwa mwema. Wewe una mabega, utakuwa mbaya.” Basi, yakaisha: mieleka yetu ilikuwa maigizo, na kila mmoja alishapewa upande wake. Siku hiyohiyo blanketi langu likahamishiwa basi jingine. Mlikuwa hamjazaliwa, hamjui mambo yale: wema walisafiri na basi lao na wabaya na lao, hoteli mbalimbali, na mkikutana stesheni mnageuza nyuso, kwa sababu wale wasichana wa shule waliotushangilia waliamini kweli kwamba tunachukiana, na kampuni ilikula kutokana na imani ile. Mtu aliyeonekana akicheka na mtu wa upande wa pili alirudishwa kwao. Mama yako siku ile alininong'oneza mlangoni, “Kwaheri, jini. Usile watoto njiani.” Kwa miaka mitano urafiki wetu ulikuwa yai la kuchemsha. Wabaya tukitangulia kwenye kibanda cha tambi cha barabara kuu, niliacha yai moja kwenye bakuli la mwisho karibu na dirisha. Wakitangulia wema, nililikuta mimi.

Nobue, nipe maji. Kidogo tu.

Sasa sikiliza, Chizuru. Ulingoni kulia ni kazi. Wewe unajua, umeifanya. Mtu mwema anayetendwa lazima apige kelele, “Inauma! Inauma!” na akilia vizuri ukumbi mzima unalia naye. Kwa hiyo kilio hakituambii kitu sisi tuliomshika. Tulikuwa na alama yetu, mama yako na mimi: ukiumia kweli, mbinye mwenzako kiwiko mara mbili. Ilikuwa Novemba, ukumbi wa Maebashi, tuna miaka ishirini na mitatu. Nilimwinua kichwa chini miguu juu, nikamshusha kama nilivyomshusha mara mia. Lakini jasho lilikuwa jingi, akateleza, shingo ikatangulia. Nikangoja kiwiko changu kibinywe. Hakikubinywa.

Mpaka hapo ndipo watu wote wanapopajua. Ndivyo nilivyowaambia ofisini, ndivyo nilivyomwambia bibi yako hospitalini nikiwa nimepiga magoti, naye akanishika kichwa akanihurumia. Na ni kweli, kiwiko hakikubinywa. Mkono uliotakiwa kukibinya ulikuwa umeshakufa. Sisi tulioweka alama ile hatukufikiria siku ambayo mkono wenyewe ndio ungeumia.

Lakini alikuwa na mdomo. Aliniita. Hakupiga kelele, alisema taratibu kama tulivyokuwa tukisemezana bwenini, “Sakko, ngoja.”

Nilisikia.

Nobue, usininyamazishe, na usinishike mkono. Nilisikia, na unajua nilihisi nini? Hasira. Nilimkasirikia rafiki yangu kwa kuniita jina lile mbele ya watu elfu mbili. Nilitazama safu ya mbele, pale waliposimama watoto na karatasi zao za rangi, nikamtafuta Bwana Ubukata pembeni, nikawaza: wamesikia, tumekwisha, kesho wote wawili tunarudishwa nyumbani. Nikataka kumnyamazisha. Nikamwambia kwa sauti ya Asama Mweusi, “Unamwita nani, wewe takataka?” Ukumbi ukanizomea. Nikamwinua mara ya pili.

Ile ya kwanza ilikuwa ajali. Mganga wa mifupa aliniambia miaka mingi baadaye, nilipomuuliza kana kwamba nauliza habari za mtu mwingine, kwamba baada ya pigo kama lile la kwanza wengi hupona mkono. Mkono wa kulia wa mama yako, ule ambao haukuwahi kukusuka nywele wala kukushikia kijiko, ni kazi ya mara ya pili.

Unauliza kwa nini sikumwambia mwenyewe. Swali zuri, na jibu lake ni baya. Aliniuliza mara moja tu. Wewe ulikuwa mtoto wa miezi, umelala kifuani kwake, naye amekufunga kwa kitambaa kwa sababu hakuamini mkono wake. Akasema, “Sakko, siku ile ulinisikia?” Nikajibu, “Kelele zilikuwa nyingi.” Akakutazama wewe, akasema, “Ni kweli. Walipiga kelele sana siku ile.” Hakuuliza tena, miaka thelathini na moja. Aliniletea wali wa maharage mekundu kila mwaka mpya. Na ulipofika miaka kumi na sita ukataka mieleka, alikuleta hapa kwangu mwenyewe, akaniachia. Sijui alijua au hakujua. Nimelala na swali hilo zaidi kuliko mke anavyolala na mumewe.

Usiseme kitu, Chizuru. Usinisamehe kwa sababu ninakufa, huo ni upole wa…

Mwache. Nobue, kaa, mwache ashuke. Ana haki ya ngazi zile na ana haki ya mlango.

Nisikilize wewe sasa, maana pumzi inanipungukia. Mthibitishaji akija, maneno ni yaleyale: karakana ni ya Chizuru. Hata asiporudi. Hata akiibomoa akafanya maegesho ya magari, usimlaumu, wala usimruhusu mtu amlaumu. Ikiwa hivyo, wale wasichana sita, mwandikie barua mwalimu wa mieleka wa Omiya awachukue, yule hapigi watoto. Joho langu jeusi la ulingoni lichomwe pamoja na mwili wangu. Na wakija watu wa mieleka kutaka kunipigia kengele kumi za kuniaga, uwakatalie kwa adabu. Mineko hakupigiwa hata moja. Alitolewa ukumbini kwa machela, akasahauliwa kabla ya Desemba. Wakitaka sana kupiga, wapige kwa jina lake. Na Bwana Ubukata, kama bado yu hai, mpelekee salamu. Alikuwa akiuza tulichokubali kuuza. Aliyemwinua mtu mara ya pili ni mimi, si yeye.

Nini hicho?

Tulia. Sikia… si mlango. Ni mbao za ulingo. Amepanda ulingoni. Anaanguka, Nobue. Anajiangusha mwenyewe, chali, kama kwenye mazoezi, anainuka, anaanguka tena. Sijui anamwangukia nani, mama yake au mimi. Si lazima nijue.

Mungu na waliotutangulia wakulinde, Nobue… wewe uliyenivumilia. Na yeye pia. Shingo yake iwe nzima mpaka uzeeni. Mikono yake… yote miwili… ishike kila inachotaka kushika.

Lakini sauti hiyo… hapana, si nzuri. Kichwa kinagonga. Analia, ndiyo maana, akilia anasahau kuinamisha kidevu. Shuka, Nobue. Kimbia. Mwambie kidevu… kidevu kifuani. Niache mimi. Mwambie sasa hivi, kabla hajaanguka tena.