Simu ya Mzee Kisyeri

Nesi Honoratha alikuwa ametoka kazini Kewanja, bado na sare yake, akitaka kusinzia tu kwenye basi mpaka Tarime. Lakini Mzee Kisyeri, abiria wa pembeni aliyejizungushia mafla shingoni kwenye jua kali, alimwekea simu mapajani bila hata kungoja shikamoo.

"Nishikie, binti. Inatoa mionzi, na mionzi inaleta kansa ya shingo. Ninyi wa hospitali mmeizoea."

Usingizi ukapaa. "Ya simu haina nguvu hiyo, mzee. Ya kutisha ni ile kali, hasa ikimpiga mtoto shingoni. Pale kuna tezi inayotengeneza homoni, na kazi hiyo yenyewe inatoa kemikali kali, kama cheche, ambazo mwili huzizima. Mionzi ikizidisha cheche, seli zinaungua, na miaka mingi baadaye zinaweza kugeuka kansa."

"Kama jiko ndani ya nyumba ya nyasi," alisema mzee, "halafu mtu alete petroli."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu wa unesi! Haya, chukua simu yako."

"Kaa nayo tu."

Ikaita. Kwenye kioo paliandikwa: *Daktari wa Majibu ya Vipimo*. Honoratha akamnyooshea. Mzee akageukia dirishani, akakaza mafla. Gari likasimama stendi, simu bado inaita.

"Pokea wewe, binti," alisema taratibu. "Wewe umezoea."