Mama Merina Lukelo, Aliyerudi Idete

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mama Merina Lukelo, Afisa Ustawi wa Jamii, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Mimi nimejitolea ofisini kwake miezi saba tu tangu nimalize kidato cha nne, kwa hiyo mengi nimeyasikia kwa wenzake. Kazi yake ilikuwa kuieleza mahakama mtoto anahitaji nini: abaki nyumbani, ahamishwe, au familia yake isaidiwe.

Wenzake humtania kwa jina la Mama Ungo. Akienda kumtembelea mtoto hubeba ungo na mchele kidogo, hata kwenye bodaboda. Pale mtaa wa Viwanja Sitini akina mama waliwahi kumsimamisha: "Mama, huo mchele bei gani?" Akawajibu kwamba hauuzwi, ni wa kazi ya serikali. Walicheka mpaka dereva akazima pikipiki.

Ungo ule ulianzia kijijini Idete, Mei 2009. Majirani walitoa taarifa kwamba Nikodemu, mwenye miaka kumi, na mdogo wake Paulina wanaishi peke yao. Mama Merina alikuta mlango umefungwa kwa kamba, na ndani ugali wa jana tu. Alimhoji Nikodemu akiwa na fomu mkononi, akaandika kwamba watoto wametelekezwa na wapelekwe kwenye makao ya watoto, kila mmoja makao yake, kwa sababu nafasi zilikuwa chache.

Siku mbili kabla ya shauri kusikilizwa, aliisoma tena fomu yake akashtuka. Nikodemu alikuwa amejibu "ndiyo" kwa kila swali. Mnaishi wenyewe? Ndiyo. Bibi yupo? Ndiyo. Akarudi Idete bila fomu, akaazima ungo kwa jirani, akakaa chini kuchambua mchele na watoto. Mwishowe Nikodemu akashindwa kuvumilia: "Mama, unaacha mawe! Bibi angekuona angekurudishia wote." Paulina akadakia, "Na Jumamosi anakuja!"

Bibi yao, Angelina, alikuwa shambani akiamia mpunga usiliwe na ndege. Watoto aliwaacha kijijini wasikose shule. Mama Merina alimfuata kwa miguu, kwenye matope, hadi kwenye dungu lake, kibanda cha juu cha kulindia mpunga.

Mahakamani alisimama akasema mbele ya wote kwamba taarifa yake ilikosea. Hakusema mambo ni shwari, maana watoto walihitaji mtu mzima wa kulala nao. Alipendekeza shangazi yao ahamie pale hadi mavuno, akaahidi kufuatilia mwenyewe. Hakimu akakubali. Nikodemu na Paulina hawakutenganishwa.

Maofisa aliowafundisha sasa wapo hadi Uchindile. Anayemletea taarifa iliyoandikwa harakaharaka huulizwa, "Mwanangu, mlezi umemwona, au umeona nyumba?" Niliulizwa hata mimi, nilipomsema ovyo mama mmoja aliyechelewa kufika ofisini.

Mama, ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua isipokuwa watoto wawili na bibi yao. Asante kwa kurudi. Sote ofisini tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na siku nyingi za furaha nyumbani kwako.