Mtungi Usiotakiwa Kutobolewa

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka wa 1991, saa nne asubuhi, afisa mmoja alisimama kwenye baraza la chifu akatangaza kwamba mitungi mitupu ya plastiki na karatasi za nailoni havitavushwa tena mpakani Malaba kwenda nchi za nje. Vitayeyushwa humu humu nchini, vitengenezwe beseni na ndoo. Tulipiga makofi, kisha tukarudi kwenye benchi yetu hapa Tuwan, Kitale, kando ya jiko la Mama Agneta anayeuza kahawa. Benchi inatazama rundo la mitungi ya Wepukhulu, ambaye huiokota mashambani na kuiuzia lori. Tunamwita Mtungi. Nderitu tunamwita Bibisi kwa sababu redio haitoki sikioni mwake. Kipketer wa Kapsokwony, kule mlimani, tunamwita Kahawa. Amelima kahawa tangu utotoni, na kikombe chake cha kwanza alikinywa hapa. Mimi ni Mzee Jairus tu. Tangu nimzike mke wangu Sellah, hawanitanii sana. Sellah aliokota mtungi uliokuwa na dawa ya kupe, akauosha kwa majivu na maji ya moto, akauanika juani, kisha akatia maji ya kunywa. Mimi nilikuwa Ndalu nikivuna mahindi. Nilipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshatoa viti nje. Kwa hiyo wiki iliyofuata, pale kwenye benchi, nilikuwa na ombi moja, lile lile la kila siku.

— Wepukhulu, nilisema, mitungi ya dawa itoboe. Asije mtu mwingine akaichukua.

MTUNGI: Mzee, pole. Kila siku nakuambia pole. Lakini nikitoboa, lori haichukui. Inataka mzima, na kifuniko yake juu.

BIBISI: Hata sasa yenye haiendi ng'ambo?

MTUNGI: Hata sasa. Lori ni ile ile, dereva ni yule yule. Jana alisema tu, "Siku hizi tunapeleka kiwanda ya hapa." Lakini mimi nilijivunia ng'ambo, bana. Si wahenga walisema kibaya chajitembeza? Mitungi yangu imetembea mpaka Ulaya!

MAMA AGNETA: Hebu rudia hiyo methali polepole.

Wepukhulu alirudia polepole, akasita katikati, akanywa kahawa.

KAHAWA: Mimi hiyo lori siiamini. Sisi huko mlimani tunapeleka kahawa ng'ambo, inarudi kwa kopo, tunauziwa. Haya, mtungi tupu nayo ikawa inapelekwa ng'ambo. Ilikuwa inafuata nini?

BIBISI: Swali ni kifuniko. Fikirieni. Mtungi tupu si tupu. Iko na hewa. Hewa ya Kitale, safi. Ukifunga kifuniko, hewa inasafiri. Wao kule yao wameharibu na moshi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wanavuta pumzi zetu, wanapona.

KAHAWA: Ndio maana mwaka jana mvua ilichelewa! Hewa ilikuwa imepungua.

MAMA AGNETA: Na yako, Bibisi, nani atanunua na hiyo tumbaku?

BIBISI: Cheka tu, mama. Kwa nini serikali imefunga njia ya nje sasa? Kuna mkubwa ameshajua bei. Hewa inawekwa ghala. Siku moja tutapimiwa pumzi kama unga.

KAHAWA: Kwa gorogoro!

MTUNGI: Ati gorogoro! Sasa mimi nitalipwa ya mtungi ama ya hewa?

Walicheka mpaka benchi ikalia. Mimi sikucheka.

— Wepukhulu, itoboe.

MTUNGI: Mzee Jairus, nakuheshimu. Lakini watoto wangu watakula tundu?

Mara mwanamke mmoja aliyevaa sweta ya kijani alitokea upande wa rundo. Mkononi alishika mtungi mweupe, mzuri, usio na mkwaruzo.

— Hamjambo, wazee. Mimi ni Jelimo, natoka Kapsokwony. Nani mwenyewe wa hii? Nataka ya kubebea maziwa.

Nilisimama.

— Mama, weka chini. Huo ulikuwa na dawa ya kupe.

JELIMO: Najua, nimenusa. Nitaosha na majivu.

Nikakaa tena. Mama Agneta alinitazama, akaacha kumimina.

MTUNGI: Hiyo siuzi, mama. Ni ya lori. Inaenda kuyeyushwa. Mzee hapa anataka niitoboe, lakini lori haitaki yenye iko na tundu.

Jelimo aliugeuza mtungi juu chini, akautazama kitako chake.

JELIMO: Si umesema inayeyushwa? Sasa kama inayeyushwa, tundu inawadhuru nini?

Kahawa aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu ameandika humo. Wepukhulu aligeuka akalitazama rundo lake, vifuniko vyote vimekazwa, alivikaza mwenyewe kwa mikono yake. Akatazama barabara ambako lori hutokea.

MTUNGI: Kumbe inajazwa tena, watu wanauziwa. Mama Agneta, nipe ile msumari ya kufungulia kopo ya maziwa.

KAHAWA: Na lori?

MTUNGI: Lori ikija itapata tundu.

Akaupokea ule mtungi kutoka mikononi mwa Jelimo, akapiga magoti, akatafuta jiwe. Jelimo alisema atajaribu kibuyu cha mama yake, akashika njia ya stendi. Wepukhulu alitoboa wa kwanza, akavuta wa pili. Nikavua kofia.

Ee Bwana, Sellah wako aliona kiu akanywa. Alikuwa mama msafi, aliosha kila kitu kwa bidii, wala hakujua. Mnyweshe sasa maji ya uzima kwa mkono wako mwenyewe, umpumzishe palipo na mwanga, na siku nitakapokuja nimkute akiwa mzima. Amina.