Kiapo Nilichokileta kwa Wivu

Amani iwe kwenu nyote, nyinyi mlioketi mbele na nyinyi wa pale nyuma karibu na mlango. Wa nyuma nawasalimu mara mbili, kwa sababu benchi hilo nalijua. Nimelikalia mwaka mzima na zaidi, nimetengwa na meza ya Bwana, na wengine wenu mkasema ni pombe. Haikuwa pombe. Pombe ningewaambia mapema. Ulikuwa wivu, na mtu huona haya zaidi kusema ana wivu kuliko kusema alilewa.

Nitasema Kiswahili, ili ndugu zetu wa Taita na wa pwani wanaofanya kazi hapa Kitui wasikie. Na sitataja jina la mtu. Nikisema "mtu fulani," msinyooshe shingo.

Kwetu ni Mbooni. Nilikuwa mwalimu wa watoto katika shule ya misheni, tena nilikuwa naandikia gazeti moja dogo la Nairobi, kurasa nne za Kiswahili. Kalamu yangu ilikuwa nzuri, sifichi. Niliandika habari za mvua, za arusi, za mwalimu mgeni aliyefika na baiskeli. Walizichapa ukurasa wa nne, chini kabisa, karibu na tangazo la sabuni.

Sasa kulikuwa na ndugu mwingine, wa Kilungu, naye aliandikia gazeti hilo hilo. Shuleni nilikuwa mbele yake. Mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu. Lakini barua zake zilitoka ukurasa wa kwanza. Siku ya soko gazeti likifika, mtu mmoja alilisoma kwa sauti mbele ya duka, na watu wakasimama na mizigo yao kumsikiliza ndugu wa Kilungu. Ikifika zamu yangu, wanakumbuka chumvi, wanaingia dukani.

Nawaambia, wivu ule nilikula nao na nikalala nao. Nilihesabu mistari yake kwa kidole. Nilitafuta makosa katika barua zake, na nikipata moja, siku hiyo chakula kilikuwa kitamu.

Ndipo yakaja mambo ya ng'ombe. Mnakumbuka serikali iliposema mifugo yetu imezidi na udongo unakwisha, ikajenga kambi kule chini tambarare, kila mtu apeleke ng'ombe wake wachaguliwe, wengine warudi, wengine wauzwe kwa nguvu. Ndugu wa Kilungu akaandika kwamba ng'ombe wa chifu wanaingia kwa lango la mbele na kutoka kwa lango la nyuma, wote, na ng'ombe wa pekee wa mjane mmoja, tena mwenye maziwa, anabaki ndani auzwe. Aliandika mpaka rangi ya ng'ombe huyo.

Watu walilia pale dukani. Na yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga kambini. Kwa hiyo alikuwako mtu wa ndani aliyemwambia.

Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, akamwita. Karani alikuwa mgonjwa, na mimi nikaitwa nikalimani, kwa hiyo nilisikia yote kwa masikio yangu.

"Nani alikuambia haya?"

"Niliyoandika ni uongo, bwana?"

"Nimekuuliza nani."

"Hilo sitasema. Yule mtu aliniamini. Mimi nifunge, nipo hapa."

Hakumfunga siku hiyo. Aliandika barua Nairobi, akitaka mwenye gazeti amtaje huyo mtu wa ndani, na mwenye gazeti akajibu kwamba barua ya ndugu wa Kilungu ameshaichoma. Habari zikaenea mlima mzima. Nyumbani mke wangu akanipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaketi, akasema, "Huyo wa Kilungu ni mwanamume." Nyumbani kwangu, na sahani ikiwa mkononi mwangu. Sikula.

Sikilizeni sasa nilivyoanguka.

Wiki ile ile Bwana Shauri akaniuliza, "Nyinyi Wakamba mnafunguliwa mdomo na nini?" Nikamjibu: kithitu. Mimi, mwalimu wa watoto, niliyewafundisha amri kumi. Wageni wetu, kithitu ni kiapo cha zamani cha kwetu, furushi la dawa la kuapia. Mtu hukipiga kwa kijiti huku akisema neno lake, na akisema uongo, mauti huingia nyumbani kwake, yaanze na yeye ama na watoto. Hakuna Mkamba anayekichezea, hata aliyebatizwa. Nikamwambia awakusanye wote wenye kazi kule kambini, wanaochota maji, wanaoshika lango, wanaopika, na ndugu wa Kilungu pia, waape mmoja mmoja. Desturi yenyewe ina nusu ya pili, lakini hiyo niliinyamazia.

Sikumtaka huyo mtu wa kambini. Simjui, nilidhani. Nilitaka tu kumwona ndugu wa Kilungu akitetemeka mbele ya watu, siku moja tu, nami nirudi nyumbani nishibe.

Siku moja kabla ya kiapo, mtu fulani wa nyumba yetu hakula. Kama ni mwanamume ama mwanamke, mkubwa ama mdogo, hilo hamtalipata kwangu. Akanifuata shambani, akasema polepole:

"Kesho nitakufa. Ni mimi."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba niliogopa. Nimekuja kusema kweli. Kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani kilikuwa ule ule wivu. Nikasema, "Ulimwambia yeye? Mimi na wewe tunakula chungu kimoja, na mimi ni mwandishi, ukaenda mpaka Kilungu?"

Akanitazama hivi, bila hasira. "Yeye aliniuliza niliona nini, akanyamaza. Wewe ukijua jambo, mpaka ng'ombe wanajua."

Ndipo hofu ikaja, ikaja yote. Akiapa kwa uongo, atakufa, ama ataamini anakufa, na hayo kwetu hayana tofauti. Akikataa kuapa, Bwana Shauri atakuwa amempata. Na kiapo chenyewe kimeletwa na mimi.

Asubuhi tukakusanyika uwanjani kambini. Mzee wa kiapo amekiweka kithitu chini, watu wamekaa mbali nacho. Chifu kwenye kiti, askari kanga, wale polisi wake wa kienyeji, nyuma yake. Mtu wetu alikuwa katika mstari, wa tano. Mimi nasimama kando ya Bwana Shauri kama mkalimani.

Ndugu wa Kilungu akaitwa kwanza. Akasema, "Siapi kwamba sijui, kwa sababu najua. Na sisemi." Akarudi akasimama mahali pake. Hakutetemeka hata kidogo, na niwaambie, hata saa ile niliona wivu.

Wa pili akaapa, akapita. Alipoitwa wa tatu, miguu yangu ikaondoka yenyewe.

Nikasema, "Bwana, nilikudanganya. Nilikupa nusu ya desturi. Kiapo hiki hakiwi cha upande mmoja. Anayelalamika ndiye hutangulia kuapa. Chifu analalamika amesingiziwa. Basi apige yeye kwanza, aseme ng'ombe wake walichaguliwa kama wa watu wengine."

Bwana Shauri akamgeukia mzee wa kiapo. Mzee akaitikia kwa kichwa: ndivyo.

"Chifu," akasema, "tangulia."

Chifu akakitazama kithitu. Akasema mguu unamuuma. Bwana Shauri akasema asaidiwe kusimama. Chifu akasema basi, yeye siku hizi ni mtu wa kanisa. Ndugu zangu, kanisa hilo hatukuwa tumemwona. Hakuna aliyecheka. Lakini uwanja mzima ulimwona hakusimama, na mzee akafunga kithitu chake, akaondoka nacho.

Hakuna mwingine aliyeapa siku hiyo. Mtu wetu alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Ila serikali haiondoki mikono mitupu. Ndugu wa Kilungu alifungwa kwa kukataa kusema, na mimi kwa kudanganya. Miezi mitatu tukavunja mawe ya barabara, tukalala chumba kimoja. Kila mmoja alijua jina lile lile. Hakulitaja, nami sikulitaja, hata tulipokuwa wawili peke yetu. Niliujua ugumu wa kazi yake pale, na nikaacha kumtafutia makosa.

Nilipotoka, shule haikunitaka tena, na kanisa likanitenga kwa ajili ya kithitu. Kanisa halikukosea.

Sasa niwashukuru. Nilipohamia huku Kitui, mwenye duka mmoja Mwislamu hapa mjini alinipa kazi ya kupima nafaka, bila kuniuliza nimefungwa kwa nini. Mchungaji alikuja kuketi nami kwenye benchi lile la nyuma, mara nyingi. Mke wangu aliningoja. Siku hizi halitaji tena jina la Kilungu nikiwa nakula, na hiyo nayo ni huruma.

Na neno langu kwenu ni hili. Mtu akikuletea alichokiona, akaweka maisha yake mkononi mwako, hicho si chako cha kujivunia. Andika kilichoonekana, na macho yaliyokiona uyafunike. Mkubwa akiuliza, muulize kama ni uongo. Akiuliza tena nani, uwe tayari kuvunja mawe. Mimi nilijifunza hilo kwa kuchelewa, na kwa kuaibika.

Wengine wenu mmeanza kuwahesabu watu wa nyumba yetu. Nimewaona. Acheni. Mengine nimeyageuza makusudi, msitambue.

Nimalizie. Huu ni mwezi wa nne tangu mtu yule aje tena shambani, akakaa karibu nami, akasema, "Kuna jambo nimeliona." Akaniambia mimi. Hakwenda Kilungu. Ni jambo gani, mke wangu aliyeketi pale hajui, mchungaji hajui.

Na ng'ombe wangu, ndugu zangu, hawajui.