Intisar na Kaburi la Hamad

Intisar Miftah Bu-Shnaf alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, hospitalini Benghazi. Nasoma haya kwa niaba ya familia, mimi Salem, mtoto wa ami yake.

Alizaliwa hapa Derna tarehe 19 Mei 1981, mtoto wa kwanza wa marehemu Miftah, mwoka mikate, na Hajja Mabruka, tuliye naye hapa, akasoma Derna hadi sekondari, akahitimu biolojia Benghazi mwaka 2004, na mwaka 2009 akaolewa na Abdulsalam Zreig, wakajaliwa binti mmoja, Rima.

Mafuriko ya Septemba 2023 yalimchukua mdogo wake, Hamad, na Intisar akaomba kuhamia maabara ya kutambua maiti, ambako kazi yake ilikuwa kuweka sampuli za meno na mifupa katika visahani vya plastiki vyenye vishimo tisini na sita, kila kishimo mtu mmoja, na kuvihifadhi kwenye friza. Kisahani kikigeuzwa nyuma mbele majina hubadilishana, ndiyo maana kiwandani hukatwa kona moja, na kabla ya kukitia mashineni alipaza sauti, "Kona!", hata mwenzake Wanis akamwita Bi Kona na kumtania, "Mumeo naye unamwekea sahani hivyo?"

Machi 2024 jibu la kumtambua Hamad lilitoka, tukamzika, Hajja akapata pa kwenda kila Ijumaa. Februari 2025 Intisar alikagua visahani vya wakati ule, vilivyoletwa bila kona kukatwa, vikatiwa alama ya kalamu badala yake, akakuta kishimo kilichoachwa kitupu kwa makusudi ili kuhakiki kipimo kimetoa jibu la mtu, na kile cha upande wa pili kinachokabiliana nacho hakina kitu. Spiriti ya kusafishia ilifuta alama, kisahani kikageuzwa. Tuliyemzika ni mwana wa mzee Atiya Bu-Hliqa wa mtaa wa pili, na Hamad walimzika wao.

Wanis alimwambia, "Bi Kona, umeona wewe tu. Wote wameshaswaliwa. Funga friza, twende zetu."

Aliripoti siku hiyo hiyo.

Hajja alimwambia, "Usinizikie mwanangu mara mbili." Akajibu, "Mama, huyu tuliyemzika naye ana mama yake, anayemlilia Hamad wetu." Hajja hakusema naye mpaka Ramadhani ikaisha.

Mzee Atiya alikataa: "Anayetaka kufukua, anifukie mimi kwanza."

Juni Intisar aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Tunis na Benghazi, na hadi wiki ya mwisho alikuwa akipiga simu, "Ami Atiya, ni mimi Intisar," na simu ikikatwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku hizi tatu, na wenzake wa maabara, Wanis akiwemo, aliyebeba jeneza. Intisar, Mola akupe utulivu ulioukosa.

Jana asubuhi, kwa agizo la Hajja Mabruka, fundi alilifuta jina la Hamad kwenye jiwe la kaburi letu. Kaburi la pili, alimo Hamad, halijafunguliwa.