Kitu Kilichobaki Kabatini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Baraza. Meneja wa ukumbi. Mkuu wa kituo cha polisi, ambaye tulimwalika sisi wenyewe na tunashukuru amefika. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

KARIBU TENA

Sisi wafanyakazi wa ukumbi huu, yaani walinzi wa mlangoni, wafagizi, wapanga viti, fundi wa vipaza sauti na watu wa jikoni, tunakupokea kwa mikono miwili. Wewe si mgeni kwetu. Tunajua hupendi kiti chenye mto, na tunajua chai yako ni ya vijiko vinne vya sukari, ingawa mama watoto akiwa karibu wewe huomba kimoja kwa mdomo na vitatu kwa jicho. Usiwe na wasiwasi, hayo hayatoki jikoni. Jikoni kwetu kuna mambo kadhaa yasiyotoka, na moja kati ya hayo limetufanya tuiandike risala hii na kuichana mara kadhaa.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu ni mali ya umma. Hapa watu huoana, huhitimu, hugombana kwenye mikutano na kupatana kwenye chakula. Zamani mwenye bastola yake ya kibali aliingia nayo kiunoni, akala nayo, akacheza nayo. Mheshimiwa utakumbuka mahafali ya chuo cha ushonaji. Mjomba wa mhitimu mmoja alipanda jukwaani kucheza, mkanda ukamlegea, bastola ikaanguka na kuteleza hadi miguuni mwa kwaya. Kwaya ilikimbilia nje kupitia dirishani ikiwa bado inaimba. Hakuna aliyeumia, lakini sauti ya kwanza hadi leo haikubali kusimama mbali na mlango.

Baada ya hapo wewe mwenyewe ulisimama kwenye kikao cha baraza, humu humu ukumbini, ukapigania sheria ndogo: mtu yeyote asiingie na silaha ya moto kwenye shughuli inayofanyika katika mali ya umma, awe na kibali au asiwe nacho, isipokuwa askari aliye kazini. Mjumbe mmoja akakuuliza, "Hata sisi waheshimiwa?" Ukamjibu, "Hata mimi." Tulikuwa kule nyuma tukipanga viti, na tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

MAFANIKIO

Sheria imefanya kazi. Mlinzi wetu wa mlangoni, tunayemwita Komeo, amewarudisha nyumbani watu wazito kwa maneno matamu. Baba mmoja wa bwana harusi alimjia juu: "Unajua mimi ni nani?" Komeo akamjibu, "Najua, mzee wangu, wewe ndiye baba wa bwana harusi. Bastola ndiyo haina undugu na bibi harusi. Irudishe, tutakuwekea sahani." Mzee alicheka, akairudisha, na sahani yake aliikuta.

Leo umekuja kutuzindulia mlango wa ukaguzi unaolia ukinusa chuma. Tumeshaujaribu. Unamlilia anayeingia na unamlilia anayetoka, haujui kubagua. Fundi ametuambia kwamba ukishakata utepe mlango utawashwa, na hautazimwa tena.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja tu, nayo iko kabatini.

Mkuu wa jiko letu ni mama mtu mzima tunayemwita Bi Birika. Hatukumpa jina hilo kwa uchoyo, maana mkono wake uko wazi kuliko wa mtu yeyote hapa. Ni kwa sababu ya chai yake. Siku ya hafla ya kuipongeza sheria, alikuwa peke yake jikoni akipanga vikombe. Akaingia mgeni mmoja wa heshima kwa mlango wa nyuma, jasho linamtiririka, mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye leso.

"Mama, nihifadhie hiki kidogo. Nimejisahau, nimetoka nacho nyumbani."

"Ni nini, baba?"

"Kitu changu tu. Nakuja kukichukua sasa hivi."

Bi Birika alikipokea, na uzito wake ukamwambia yote. Alikifungia kwenye kabati la majani ya chai, ufunguo akauvaa shingoni. Mgeni akaingia ukumbini, akahutubia vizuri sana kuhusu utii wa sheria, akapigwa picha, wapambe wakamsukumia kwenye gari, akaenda zake. Hajakanyaga jikoni tena.

Mgeni huyo hatumtaji. Tunachoweza kusema ni kwamba alikunywa chai ya vijiko vinne.

Tulijaribu kumkumbusha kwa adabu. Tulipiga simu ofisini kwake, tukaambiwa yuko kikaoni. Tukaona tusiseme mambo mazito kwenye simu, tukaacha ujumbe kwamba kile chombo chake alichokiacha kwenye sherehe bado kiko jikoni. Jibu likaja siku hiyohiyo: "Mheshimiwa anawashukuru. Mpeni mtu yeyote mwenye shida nacho." Hapo Bi Birika alikaa chini kabisa, sakafuni.

Kwenda kituoni tulitaka, tukaogopa. Komeo alisema swali la kwanza litakuwa kiliingiaje, na yeye ndiye mwenye mlango. Bi Birika alisema swali la pili litakuwa kwa nini kiko na mpika chai, na nani atamwamini mpika chai dhidi ya mtu wa heshima? Tukanyamaza wote. Kwa kunyamaza huko tulikosea, na hilo tunalisema mbele ya mkuu wa kituo bila kujificha.

Anayeumia ni Bi Birika. Binti yake wa pekee amejifungua mtoto wa kwanza, mbali na hapa. Meneja alimpa likizo bila kinyongo. Bi Birika alifunga mkoba, akasimama mlangoni, akamuuliza kila mmoja wetu nani atashika ufunguo. Mheshimiwa, sisi tunampenda sana Bi Birika, lakini siku ile mapenzi yetu yaliishia kwenye mlango wa kabati. Akafungua mkoba wake, akarudi kwenye masufuria. Mjukuu sasa ameanza kucheka. Bibi amekisikia kicheko hicho kwenye simu, amekaa kwenye kigoda akililinda kabati, na alipokata simu alilia. Tuliona aibu, na bado tunaiona.

MAOMBI

Tunaomba sufuria kubwa jipya, maana la zamani limetoboka.

Tunaomba sheria ianzie meza kuu ndipo ishuke kwetu.

Ombi la tatu ndilo lililotuleta hapa. Juzi tulimuuliza mkuu wa kituo, kwa mfano tu, mtu aliyesahau kitu kama hicho akija kukikabidhi mwenyewe inakuwaje. Alitazama dari kidogo, akasema, "Huyo mtu wa mfano ataandika maelezo, atalipa faini kama mtu mwingine yeyote, na aliyemtunzia nitamhesabu kuwa shahidi. Ila nikianza kumtafuta mimi, hayo yatakuwa mengine." Ndiyo maana leo amekaa kiti cha karibu na jikoni.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, utepe unaweza kungoja. Bi Birika amesimama pale mlangoni mwa jikoni, mkoba begani, ufunguo kiganjani, na basi lake linaondoka leo. Tunakuomba unyanyuke, umfuate pamoja na mkuu wa kituo, ili ukamsaidie kumpata mwenye kitu. Ukirudi hapa tutakupigia makofi yaleyale ya siku ile ya "Hata mimi."

Mungu akupe afya, aibariki nyumba yako, na akurahisishie hatua hizi chache kutoka meza kuu hadi jikoni. Kipaza sauti tunakizima sasa, ili neno la samahani ulilonalo kwa mama huyu alisikie yeye peke yake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Umma, kuanzia mlangoni hadi jikoni.