Bi Tone na Kopo Lisilo na Lebo

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Bi Tone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi wa reli, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya karakana. Tangu utotoni aliogopa radi, ngazi, hata maziwa yanayochemka.

Alihitimu kemia mwaka 1973. Mwalimu wake alimwambia, "Woga wako ndio mtaji, binti. Wewe hutamwaga kitu."

Aliajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha nguo. Tarehe 4 Juni 1976, mchumba wake, mtunza stoo, alionja unga mweupe wa kopo lililobanduka lebo, kama walivyozoea pale stoo. "Ndimu ya unga hii, bibie!" alicheka, akakoroga kijiko kizima katika maji, akanywa. Punde akajikunja sakafuni, akakimbizwa hospitali. Daktari alipiga simu maabara: "Kanywa nini? Nikikosea dawa, namuua."

Unga uleule ulikuwa mezani pa Bi Tone, umeletwa autambue. Ulishachomwa na kuchunguzwa: kwa kila kaboni moja, haidrojeni moja na oksijeni mbili. Uzito wa molekuli ndio haukujulikana. Aliupima ukiwa mkavu, akauyeyusha, akatia kiashiria cha rangi, akadondosha besi ya kuizima asidi. Tone likapitiliza, rangi ikakolea. Akamwaga, akaanza upya. Safari hii rangi hafifu ya waridi ikatulia. Hesabu ikampa arobaini na tano kwa kila haidrojeni iliyotolewa. Lakini molekuli ndogo hivyo, yenye fomula ile, isingesimama peke yake: mkono mmoja wa kaboni ungebaki bila cha kushika. Lazima iwe maradufu, tisini, yenye haidrojeni mbili za kutoa: C₂H₂O₄.

"Si ndimu, daktari! Ni asidi oksaliki, ya kutolea madoa ya kutu!"

"Basi kalsiamu ya kuifunga, haraka!"

Mchumba alipona, wakafunga ndoa tarehe 12 Februari 1977. Jikoni kila kopo lilikuwa na lebo, hata la sukari. Mumewe alipomtania, "Na mimi je?" alimbandika lebo kwenye paji la uso: USIONJE.

Moyo ulianza kumsumbua Bi Tone mwaka 2018. Hospitalini aliogopa sana, lakini si kwa ajili yake mwenyewe. Mumewe alipomletea chai, alinong'ona, "Umesoma kopo?"

"Nimesoma, mke wangu."

Ndipo akauachia mkono wa mumewe. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Mei 2020.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake wa kiume. Woga wake ametuachia sisi. Yeye apumzike kwa amani, asiogope tena.